Vijidudu wa mtambo wa biogesi hupeana elektroni

Ndugu, umeuliza kwa nini mtambo wako wa Kigamboni ulikoma kutoa gesi baada ya kumwagiwa mabaki ya ugali na maganda ya matunda kwa mkupuo. Bakteria wanaovunja asidi zitokanazo na mabaki hayo hupata nishati pale tu haidrojeni wanayoitoa, ambayo ndiyo hubeba elektroni, inapotumiwa upesi na arkea (vijidudu vinavyofanana na bakteria lakini ni kundi lingine) wanaotengeneza methani. Haidrojeni ikirundikana, kazi ya bakteria hao husimama, asidi huzidi na tope huchachuka. Wapo pia vijidudu wanaopitishiana elektroni moja kwa moja, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2010 kwa spishi mbili za bakteria wa jenasi Geobacter, jambo ambalo kwangu ni la ajabu kweli. Pumzisha mtambo siku kadhaa, kisha ulishe kinyesi cha ng'ombe kidogo kidogo.