Anadanganya ama ni mimi namshuku tu? Maswali yenu na majibu yangu

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya aina moja, mnataka niwape dawa ya kumjua mwongo kwa kumwangalia tu usoni. Hiyo dawa mimi sina, na anayesema anayo anawauzia hewa, lakini maswali yenyewe ni mazuri kwa hivyo twende nayo moja moja.

Dada, mzee wangu siku hizi anachelewanga kufika nyumbani, anasema ni jam ya Jogoo Road. Nikimuuliza anaangalia chini ama anaanza kushikashika simu. Si hiyo ni dalili tosha? Mama wa watoto wawili, Umoja.

Haitoshi mama wawili, na kusema ukweli hata dalili si dalili. Hii ya macho imeenea dunia nzima, kuna watafiti waliungana wakauliza watu wa nchi 58 swali moja, utamjuaje mtu anayedanganya, na jibu lililoongoza likawa hilo lako, ati hakuangalii machoni. Matokeo yalitoka 2006. Sasa kitu cha kushangaza ni kwamba 2003 Bella DePaulo wa Marekani na wenzake walikuwa tayari wamekusanya tafiti zaidi ya mia moja, wakapima ishara 158 ambazo watu hudhani ni za uongo, na nyingi zikakosa uzito kabisa, macho yakiwemo. Mwongo anakuangalia tu kama msema kweli, na kuna wengine wanakukazia macho makusudi kwa sababu na wao wanajua unaangalia hapo.

Halafu hapa kwetu ongeza malezi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kumkodolea mtu macho ukiulizwa swali ni kukosa adabu, ukigombezwa unainamisha kichwa, na mtu hawezi kuacha hiyo tabia ati kwa sababu ameoa. Pia mzee anaweza kuwa amechoka, ama anaogopa swali lenyewe kwa sababu anajua hata akisema ukweli hutamwamini, na ile hofu ya kutoaminiwa ukiiangalia kwa uso huwezi kuitofautisha na hofu ya kushikwa. Muulize siku ametulia, kama stori ya kawaida, alipanda gari gani, walikwama wapi, alikuwa na nani. Usimuulize mlangoni na mwiko mkononi.

Kuna jamaa town anafundisha watu kusoma uso, zile sura za kufumba na kufumbua zinazotoka kabla mtu hajajificha. Anataka elfu kumi na tano wikendi moja. Nauza magari, naona itanisaidia kujua wateja. Nilipe?

Usilipe.

Lakini wacha nieleze, maana huyo jamaa hajatunga kila kitu. Hizo sura zipo. Watafiti Haggard na Isaacs waliziandika 1966 baada ya kuangalia filamu za watu wakizungumza na madaktari wao wa akili, halafu wanasaikolojia Paul Ekman na Wallace Friesen wakazifuatilia, na Ekman ndiye aliyezifanya zijulikane. Ni sura inayopita usoni kwa muda mfupi sana, kati ya sehemu moja ya 25 na sehemu moja ya 5 ya sekunde, hasira ama woga unachungulia halafu unarudi ndani. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni je, zinatokea mara ngapi na zinamaanisha mtu anadanganya? Mwaka 2008 Stephen Porter na Leanne ten Brinke huko Kanada walionyesha watu picha za kufurahisha, za kutisha na za kuchukiza, wengine wakaambiwa waoneshe hisia yao na wengine waigize hisia tofauti, kisha video zikapitiwa fremu kwa fremu. Kati ya sura 697 walipata hizo za haraka 14 peke yake, kama asilimia 2 hivi, na hata hizo chache nyingine zilitoka kwa watu ambao hawakuwa wanaficha kitu. Sasa wewe unauza gari, mteja anaongea, simu inalia, mwenzako anaita, utaona saa ngapi?

Na kama unadhani serikali yenye pesa ingeweza, Marekani walijaribu kwa viwanja vya ndege, wakaajiri maofisa wa kusoma tabia za abiria, programu ikaitwa SPOT, na tangu 2007 wakatumia kama dola milioni 900. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali yao wenyewe wakasema hakuna ushahidi inafanya kazi, wakashauri pesa zipunguzwe. Dola milioni 900! Yako ni elfu kumi na tano tu, shukuru.

Ujue pia kwamba tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja, zenye watu zaidi ya 24,000 waliopewa kazi ya kusema nani anadanganya na nani anasema kweli, walipata asilimia 54. Ukirusha shilingi juu unapata 50. Na ukisikia ile ingine ya kuangalia juu kulia ni uongo, juu kushoto ni ukweli, hiyo mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake waliijaribu 2012 ikaanguka.

Kwa kazi yako ukweli uko kwa karatasi. Gari likiletwa kwako, vuta rekodi zake NTSA, wale wa kusajili magari, uone jina la mwenyewe na kama benki imelishikilia. Mteja akilipa, usitoe funguo mpaka pesa ionekane kwa akaunti yako, hata akikuonyesha meseji. Tabasamu lake wacha akae nalo.

Mtoto wangu ana miaka mitatu na nusu. Amekula sukari, iko mpaka kwa pua, na ananiambia ni paka. Hatuna paka. Nimeanza kuogopa, atakuwa mtu wa aina gani? Mama Kangemi.

Atakuwa mtu wa kawaida kabisa, usiogope. Watoto huanza kudanganya karibu miaka miwili mitatu, na si kwa sababu wameharibika, ni kwa sababu ubongo umefika mahali anaelewa kwamba wewe hujui kila kitu anachojua yeye. Kuna jaribio la 1989 la Michael Lewis na wenzake, watoto wa miaka mitatu waliachwa chumbani na kitu cha kuchezea nyuma yao wakaambiwa wasigeuke. Karibu wote waligeuka. Walipoulizwa, chini ya nusu ndio walikubali, na watu wazima walioangalia sura zao hawakuweza kutofautisha. Miaka mitatu hiyo! Wako kwanza ako na sukari kwa pua, bado ni mwanafunzi.

Usimtegee swali ambalo jibu unalijua. Ukimuuliza nani amekula sukari na unaiona, unampa nafasi ya kudanganya halafu unamchapa kwa kuitumia. Sema tu, naona umekula sukari, njoo tupanguse. Na stori za mwongo aliyepatwa na mabaya hazisaidii sana, kikundi cha Kang Lee huko Toronto kilijaribu kitu kama hicho 2014, watoto waliosomewa hadithi ambapo mwongo anaadhibiwa hawakubadilika, waliosomewa ile ya mtoto aliyesema ukweli akasifiwa ndio walikubali makosa zaidi. Ile ya paka lakini nimeipenda.

Binti yangu, nina duka dogo Kawangware. Juzi ilikuja meseji ya pesa elfu tatu mia tano, hapohapo mama akapiga analia, amenitumia kimakosa, ni ya dawa ya mtoto. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye shida kweli. Nikarudisha. Kumbe hakuna kitu kiliingia. Nitamjuaje mwingine?

Pole sana mzee wangu. Kwa sauti hutamjua, na hilo ndilo nataka tulielewe vizuri kwa sababu watu wengi wanajilaumu ati wangesikiliza vizuri. Kulia kwa simu si kazi ngumu, na pengine huyo mama ana shida kweli, mtu anaweza kuwa na shida ya kweli na akuibie palepale. Dalili iko kwa kile anachokutaka ufanye. Anataka haraka. Anataka usikate simu. Anataka utume wewe mwenyewe, sasa hivi, kabla hujaangalia. Ukiona hayo matatu pamoja, hata kama anaongea kwa upole kama kasisi, simama hapo.

Kwanza salio. Usiangalie meseji, angalia salio la M-Pesa kwa menyu, na meseji yenyewe ikiwa imetoka kwa namba ya kawaida ya simu badala ya jina la MPESA, hiyo imeandikwa na mtu ameketi mahali. Pili, hata kama pesa imeingia ukaiona kwa macho yako, usirudishe kwa mkono wako. Mtu aliyekosea namba anatuma ile meseji yake kwa 456 na Safaricom wanafuata utaratibu wao. Kuna wezi wanatuma pesa halisi, unarudisha kwa huruma, halafu wao wanaenda kuomba irudishwe tena, pesa inakutoka mara mbili. Mwambie tu, mama pole, peleka 456, mimi sitaigusa. Mwenye haki atakushukuru. Mwizi atakutukana, na hapo utakuwa umepata jibu bila kusoma uso wa mtu.

Madam, nina hoteli Ngara, pesa ya kaunta inapungua kila wiki. Nimesikia kuna mashine ya kupima uongo, nataka wafanyakazi wote wapite hapo. Ni vibaya?

Ni pesa ingine utapoteza juu ya ile iliyopotea. Hiyo mashine haipimi uongo, inapima pumzi, presha, mapigo ya moyo na jasho la vidole. John Larson aliiunda 1921 akiwa polisi Berkeley kule California, na tangu hapo shida ni ileile, mtu mwoga anatoa jasho hata kama hajaiba kitu, na mtu mtulivu anapita akitabasamu. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliwauzia Warusi siri za Marekani, akapimwa 1986 akapita, akapimwa 1991 akapita, walimshika 1994. Marekani yenyewe tangu 1988 sheria inakataza waajiri wengi wa kampuni binafsi kulazimisha wafanyakazi kupimwa hivyo.

Sasa fanya hivi, na hii ndiyo sehemu naomba usome polepole. Kabla ya kumwita mtu yeyote, jua unachojua. Hesabu za till, saa za kufunga, kamera kama unayo. Hakikisha pia si chenji inayokosewa ama wewe mwenyewe unayechota ya soko bila kuandika, wenye hoteli mnajijua. Tuseme umepata kamera inaonyesha mmoja alirudi kaunta saa tatu usiku baada ya kufunga. Kosa la wengi ni kuanza na hiyo. Unamwita, unampiga na video usoni, na palepale anajua unajua nini, anatafuta stori inayolingana nayo.

Iweke mfukoni. Mwambie kwa upole, hebu nieleze siku ya jana tangu ulipofika mpaka ulipoenda nyumbani. Halafu nyamaza, usimkatize. Asiye na lolote mara nyingi atataja mwenyewe, nilifunga nikarudi kuchukua chaja. Mwenye kitu ataruka hapo kimyakimya, ama ukimuuliza kama kuna mtu alirudi kaunta baada ya kufunga atakataa. Hapo sasa ndio unatoa video na kumuomba akueleze. Watafiti kama Pär Anders Granhag na Maria Hartwig wameifanyia kazi hii njia kwa miaka, na wahojaji waliofundishwa kuchelewesha ushahidi walipata jibu sahihi mara nyingi zaidi kuliko wasiofundishwa. Aldert Vrij wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, naye husema ongeza mzigo kwa akili, muulize mtu akusimulie siku yake kutoka mwisho kurudi mwanzo. Aliyeishi ile siku anajikwaa kidogo anaendelea, aliyeitunga anapata kazi mbili kwa wakati mmoja.

Bado si muujiza, kwa hivyo ukipata tofauti hiyo ni sababu ya kuchunguza zaidi, haijafika kumfukuza mtu. Na usiwafungie watu stoo masaa ukiwapigia kelele mpaka mmoja akubali. Watu hukiri vitu hawajafanya ili tu waachiliwe, Marekani kuna waliokiri wakafungwa miaka halafu vipimo vya DNA vikawatoa.

Tabasamu la kweli unalijuaje? Kuna msichana kwa ofisi yetu.

Guillaume Duchenne, daktari Mfaransa, aliandika 1862 kwamba la kweli hukunja mpaka pembe za macho, si mdomo peke yake. Baadaye ikaonekana watu wengi wanaweza kuliigiza hata hilo. Mwalike chai uone kama atakuja.

Nimemtumia dem nauli mara mbili, kila mara ananiandikia "niko njiani" na hafiki. Kwa meseji mtu anajuaje? Nateseka, Roysambu.

Ndugu yangu, wewe umeliwa nauli. Lakini swali lako lina maana, kwa sababu kwa meseji hakuna uso wala sauti, unabaki na maneno tu, na hapo kuna kitu mtafiti Galit Nahari na wenzake waligundua, kwamba anayedanganya hukwepa maelezo yanayoweza kuhakikishwa, anakupa mengi lakini ya hewani. "Niko njiani" haihakikishwi na mtu yeyote, njia ni nyingi. "Nimepanda 45 hapa Githurai, niko na dada yangu, msalimie" hiyo unaweza kuifuata.

Kwa hivyo wakati mwingine mwambie apande gari bila nauli, akishakaa akupigie akupe kondakta, na wewe utamtumia kondakta pesa moja kwa moja kwa simu. Akisema kondakta amekataa, mwambie apande ingine. Ile ya kwanza na ya pili usiidai, hiyo ilishaenda, na usitume ya tatu ati unathibitisha.