Alama za juu katika dodoso la kiwewe: je, ni ugonjwa tayari?

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi ninayesomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu unafanyika wilayani Kasulu, miongoni mwa wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko katika kambi ya Nyarugusu pamoja na wenyeji wa vijiji vya jirani. Ninatumia PCL-5, dodoso la kupima dalili za msongo baada ya kiwewe, lililotafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine akalirudisha katika Kiingereza na matini mbili zikakubaliana. Alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti wa ndani wa dodoso, imetoka 0.91. Je, ninaweza kuandika kwamba dodoso ni halali, yaani linapima kweli kile linachokusudiwa kupima, na kwamba kila aliyepata alama 33 au zaidi ana ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe? (Muuguzi, Kasulu)

JIBU: Ndugu Muuguzi, kazi uliyokwisha kuifanya ni ya lazima, lakini hitimisho hilo bado hulifikii. Alfa huonyesha kwamba majibu ya maswali yako 20 yanakwenda pamoja; haionyeshi yanakwenda pamoja kwa sababu gani. Mizani mbovu pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, inaweza kusoma kilo moja na robo kila inapowekewa kilo moja ya dagaa, bila kubadilika asubuhi hadi jioni, na mnunuzi akaendelea kupunjwa. Zaidi ya hayo, alfa hupanda kadiri maswali yanavyoongezeka, na kukosa usingizi, kushindwa kutuliza akili na kupoteza hamu ya mambo ni dalili za sonona pia, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Huenda umepima huzuni kwa uthabiti mkubwa.

Kinachokosekana ni kipimo cha nje. Chagua sehemu ya washiriki wako, wafanyiwe mahojiano ya kitabibu yenye utaratibu maalumu, kama yale ya CAPS-5, na mtaalamu aliyefunzwa ambaye hajaziona alama zao za dodoso. Hilo la kutoziona si jambo dogo, kwa kuwa anayejua kwamba mtu amepata 50 atautafuta ugonjwa hadi aupate. Wachaguliwe pia waliopata alama za chini; kuwaacha ni kosa ambalo watafiti wengi hulifanya kwa kubana matumizi, kwani ukiwahoji wenye alama za juu peke yao hutajua kamwe dodoso limewaacha wagonjwa wangapi.

Kuhusu alama 33, mpaka wa 31 hadi 33 unaotajwa mara nyingi ulitokana hasa na tafiti za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Hata mpaka ukiwa mzuri, fanya hesabu hii kabla ya kumwita mtu mgonjwa. Tuseme katika watu 1,000 wagonjwa ni 100, na dodoso linawatambua wagonjwa kwa asilimia 80 na wasio wagonjwa kwa asilimia 80 vilevile. Litawanasa wagonjwa 80, lakini litawanasa pia wazima 180 kati ya 900. Katika kila watu kumi watakaovuka mpaka, takriban saba hawatakuwa na ugonjwa huo. Kwa kuwachuja watakaohojiwa zaidi, dodoso la namna hiyo linafaa sana. Kwa kutangaza kiwango cha ugonjwa kambini, linapotosha.

Kuna pia suala la mazingira, ambalo mimi naliona zito kuliko hesabu zote. PCL-5 inauliza kama mtu amekuwa na tahadhari kupita kiasi. Mama anayehofia kuvamiwa njiani akienda kutafuta kuni atajipa alama ya juu, na hofu yake inahusu hatari ya leo, si tukio alilolikimbia. Ndiyo sababu kabla ya takwimu ungeketi na watu wachache wa kila kundi, uwasomee swali moja moja na kuwauliza wamelielewaje na walikuwa wakifikiria nini walipojibu. Warundi wasiozoea Kiswahili waandaliwe toleo la Kirundi. Waulize pia ni taabu gani za moyo wanazozijua ambazo dodoso halikuzigusa. Dodoso la kiwewe la Harvard, lililochapishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Vietnam, Laos na Kambodia, lilijengwa kwa moyo huo: mbali na maswali 16 yanayofuata vigezo vya kitabibu, lina mengine yanayohusu maisha ya ukimbizi yenyewe.

Waeleze washiriki waziwazi kwamba majibu yao hayaongezi wala hayapunguzi nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Wapo watakaodhani kwamba yanaongeza au yanapunguza, na dhana hiyo huvuruga alama.

Kwa sasa, andika katika tasnifu kwamba toleo lako lina uthabiti wa ndani unaoridhisha na kwamba uhalali wake wa kitabibu haujapimwa. Waliovuka 33 waite watu wenye dalili nyingi, na uwapangie kuonana na mtaalamu wa afya ya akili sasa hivi, bila kusubiri uchambuzi wako ukamilike.