Maswali ya Wasomaji: Sasaki aliibiwa au alijua anachofanya?

SWALI: Shikamoo mzee wa michezo. Mimi nipo Upanga, tangu nianze kucheza besiboli pale kwenye uwanja wa Azania uliojengwa kwa msaada wa Wajapani nimekuwa mlevi wa ligi kuu ya Marekani, naangalia kwenye simu mpaka bando linakata. Sasa kuna kitu sielewi. Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Kijapani, alisaini Dodgers, timu ya Los Angeles, kwa dola milioni 325, halafu Roki Sasaki ambae naye ni mrushaji, naye katoka Japani, anatupa mpira kwa kilomita 160 na ushee kwa saa, akasaini Dodgers hao hao kwa milioni 6.5. Mbona hivyo? Dogo aliibiwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakuibiwa, na alijua kila senti anayoiacha mezani. Shida ni umri tu. Wamarekani wana sheria kwamba mchezaji wa nje ambae hajafikisha miaka 25, au hajamaliza misimu sita kwenye ligi ya kulipwa ya nchi anayotoka, anahesabiwa kama mtoto wa akademi, yani anaingia fungu moja na wale madogo wa miaka 16 wa Jamhuri ya Dominika, na kila timu ina kiwango chake cha hela ya madogo ambacho haiwezi kukivuka hata ingekuwa na mgodi. Yamamoto alipoondoka Orix, timu yake ya Japani, mwishoni mwa 2023 alikuwa na miaka 25 na misimu saba, kwa hiyo sokoni aliingia kama mtu mzima. Sasaki alisaini Januari 2025 akiwa na miaka 23, basi, akala cha watoto, na mkataba wenyewe ukawa wa ligi ndogo kwanza.

Sasa utaniuliza kwa nini hakusubiri miaka miwili. Mimi nipo upande wake kabisa, maana mkono wa mrushaji sio kiwanja cha Kigamboni kwamba ukikaa nao bei inapanda. Huyu kijana Aprili 2022 akiwa na miaka 20 alicheza mechi kamili dhidi ya Orix, hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika besi ya kwanza, 19 akawatoa kwa straiki, yani wamekosa mipira mitatu, na 13 kati yao mfululizo, lakini ni huyo huyo ambae kwa misimu yake yote Chiba Lotte, timu yake ya Japani, hakuwahi kufikisha iningi 130 kwa mwaka (iningi ni kipande cha mechi, mechi ya kawaida ina tisa). Na angalia kilichotokea, Mei 2025 bega likamkorofisha, akakaa nje mpaka Septemba, akarudi kuwa mtu wa kuingia mwishoni kufunga mechi na akamaliza mwaka na Dodgers wakiwa mabingwa wa ligi ya Marekani, wenyewe wanaita wa dunia. Je bega hilo lingemgomea akiwa bado Japani anasubiri birthday? Tsunami ya 2011 ilimchukua baba yake na babu na bibi yake akiwa mtoto wa miaka tisa kule Rikuzentakata. Sisemi ndo sababu aliyoondokea, ila mtu kama huyo mimi siwezi kumhubiria habari za kusubiri.

Na Mjapani mwenzake Shohei Ohtani alipita njia hiyo hiyo, 2017 alienda timu ya Angels kwa hela ya kusaini milioni 2.3 hivi, miaka sita baadae Dodgers wakampa mkataba wa milioni 700. Ila usipige hesabu kwa Ohtani bana, Ohtani yuko mmoja.

SWALI: Kaka mhariri, hongera kwa kazi. Timu iliyomlea huyo Sasaki ilipata nini? Huku kwetu timu ingegoma mpaka waandishi wachoke. Msomaji wako dada wa Nyamagana, Mwanza.

JIBU: Dada yangu hapo ndo pananiuma. Lotte walipata robo ya hela ya kusaini, yani dola milioni 1.625. Orix kwa Yamamoto wamelamba zaidi ya milioni 50, kwa sababu kwa mtu mzima timu ya Japani inapata asilimia 20 ya milioni 25 za mwanzo, 17.5 ya milioni 25 zinazofuata na 15 ya zote zinazobaki. Kwa hiyo ukimwachia mchezaji mapema umejikata mwenyewe. Na kugoma wangeweza kabisa, maana kule mchezaji hawi huru kwenda nje mpaka amalize misimu tisa, kabla ya hapo haondoki bila timu yake kukubali kumweka sokoni kwa mfumo wanaouita postingi. Lotte walikubali, mashabiki wao wakanuna, na mimi nawaelewa.

Huo mfumo wenyewe umezaliwa na ugomvi. 1964 timu ya Japani ya Nankai Hawks ilimpeleka Masanori Murakami Marekani akajifunze, San Francisco Giants wakanogewa wakataka abaki, ukawa mvutano mpaka akamaliza msimu wa 1965 ndo akarudi kwao, na baada ya hapo miaka 30 hakuna Mjapani aliyevuka. Aliyefungua mlango ni Hideo Nomo. Wakala wake Don Nomura alisoma sheria akakuta mchezaji akistaafu haruhusiwi kuchezea timu nyingine ya Japani lakini nje ya Japani hawakuandika kitu, basi Nomo "akastaafu", 1995 huyo yuko Dodgers na tuzo ya mchezaji mpya bora akabeba. Ukaja mzozo mwingine wa Hideki Irabu 1997, timu yake ikauza haki zake kwa San Diego wakati yeye anataka Yankees ya New York tu, mpaka akapelekwa Yankees. Hapo ndo wakubwa wakakaa chini, 1998 postingi ikaanza. Mwanzoni ilikuwa mnada wa bahasha, Boston 2006 walilipa dola milioni 51.1 kwa ajili ya kupewa nafasi ya KUONGEA tu na Daisuke Matsuzaka, mshahara wake ni mbali!

SWALI: Kwani mpira wenyewe wa besiboli wa Marekani una nini mpaka hawa warushaji wa Kijapani wanaumia viwiko? (Mombasa)

JIBU: Unateleza zaidi na ni mkubwa kidogo kuliko wa Japani, kwa hiyo unaubana kwa nguvu. Juu ya hapo Japani mrushaji anaanza mechi mara moja kwa wiki, Marekani wengi wanarusha kila siku ya tano au ya sita. Ila tusiwasingizie Wamarekani kila kitu, Matsuzaka akiwa sekondari 1998 alirusha mipira 250 kwenye mechi moja ya Koshien, mashindano ya sekondari za Japani, iliyoenda iningi 17, na kikomo cha mipira 500 kwa wiki kwa wanafunzi kimekuja 2020 tu.

SWALI: Mtu anaweza kutoka shule kwenda Marekani moja kwa moja bila kupitia ligi ya Japani?

JIBU: Anaweza. Zamani ukifanya hivyo, ukirudi unafungiwa kucheza Japani miaka miwili au mitatu, sheria iliyowekwa 2008 baada ya Junichi Tazawa kutangaza kwamba anaenda Marekani, mwaka huo huo akasaini Boston. Ilifutwa 2020, na Januari 2025 Shotaro Morii akatoka sekondari akaenda timu ya Athletics ya Marekani. Yeye anarusha na kupiga pia.