Nikijiuliza "kwa nini", nazama zaidi

SWALI: Shikamoo shangazi. Nauza mitumba hapa Arua, Uganda. Daktari aliniambia nina sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kila usiku narudia ugomvi wangu na kaka pale kibandani, mpaka nahisi tena mate yake usoni. Najiuliza kwa nini iliniuma hivyo. Je, kuufikiria hivi kunasaidia?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kufikiri si kosa. Tatizo ni mahali unaposimama unapolitazama jambo. Mwaka 2012 Ethan Kross na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu wenye sonona. Waliotazama tukio lao kwa mbali, kama wanamtazama mtu mwingine, walisikia uchungu mdogo kuliko waliolirudia kwa macho yao wenyewe.

Basi leo ukiukumbuka ugomvi ule, toka kibandani kwa mawazo. Vuka barabara, simama karibu na sigiri ya mkaanga rolex, ile chapati ya kuviringwa na mayai, umtazame yule dada aliyebaki na sketi ya bluu mkononi, yaani wewe mwenyewe. Mtaje kwa jina lako, kisha uliza: kwa nini aliumia hivi? Nilipofiwa na mume wangu nilifanya hivyo. Nililia, lakini usingizi ulikuja.

Dawa usiache. Na ukianza kutamani kufa, usingoje kukuche: mwamshe mtu, mwende hospitali.