Maswali ya Wasomaji: Risasi za Peintiboli Zinapopinda

SWALI: Nacheza peintiboli, ule mchezo wa kufyatuliana risasi za rangi, hapa Mombasa. Risasi zangu zikivuka mita 25 zinapinda kila upande, na nikifyatua mfululizo, za mwisho zinaanguka karibu kuliko za mwanzo. Nimeshauriwa ninunue mtutu mrefu na niongeze mwendo wa risasi. Itasaidia? – Msomaji, Likoni

JIBU: Pesa ya mtutu usiitumie kwanza. Gesi humaliza kazi kubwa ya kusukuma risasi ndani ya sentimita 20 hadi 25. Urefu unaozidi hapo hupunguza kelele, hauongezi umbali. Mwendo nao usiuguse. Viwanja vingi vina kikomo cha mita 85 hadi 91 kwa sekunde, na ukikipita unahatarisha macho ya wenzako, tena risasi zitakupasukia mtutuni.

Kagua risasi zenyewe. Ganda lake ni jelatini, na jelatini hunywa unyevu. Kwa hewa ya pwani, mfuko ulioachwa wazi usiku kucha hukupa risasi zilizovimba na kulainika, na isiyo duara kamili haiwezi kwenda sawa. Zifungie vizuri mahali penye nyuzijoto 15 hadi 25, ugeuze boksi kila baada ya siku chache zisibonyee upande mmoja. Friji usiijaribu, zitakuwa kavu na za kuvunjika.

Kisha pima kama risasi inaenea sawasawa mtutuni. Ufungue kutoka kwenye bunduki, tia risasi kwa nyuma. Ikiteleza na kutoka yenyewe, mtutu ni mpana: gesi inavuja pembeni na mwendo unabadilika kila mara. Ikikwama hata ukipuliza kwa nguvu, ni mwembamba na itapasuka. Inayofaa hukaa palepale, ikatoka kwa pumzi ndogo. Rudia kila ufunguapo boksi jipya, maana vipenyo hutofautiana. Rangi ikipasukia ndani, pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke safi. Tone dogo tu hutosha kuizungusha risasi ikapinda.

Hizo za mwisho kuanguka karibu, nadhani unatumia mtungi wa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo hukaa kama maji, na inapochemka kwa haraka mtungi hupoa, shinikizo likashuka. Pumzisha bunduki kati ya mifululizo, au hamia mtungi wa hewa iliyoshindiliwa wenye regyuleta, kifaa cha kusawazisha shinikizo. Ukiwa na hewa na tofauti bado ipo, badilisha oringi (pete za mpira za kuziba) za regyuleta. Mwisho fyatua 10 mbele ya kipima mwendo: zikitofautiana zaidi ya mita 3 kwa sekunde, bado kuna kasoro.

SWALI: Mtutu unaozungusha risasi kinyumenyume unafaa? – Msomaji, Nyali

JIBU: Umbali unaongezeka kweli, kwani mzunguko huo huiinua risasi hewani bila kuongeza mwendo. Ila huko mwisho inafika imechoka, mara nyingi inadunda bila kupasuka, na upepo wa pembeni huisumbua zaidi.