Bakteria anagawanyika kila dakika 20 ila DNA inanakiliwa kwa 40, inakuwaje?

Swali: Shikamoo. Nipo form six PCB. Tumefundishwa bakteria E. coli akiwa na chakula kizuri anagawanyika kila dakika 20, halafu nikasoma kwamba kunakili DNA yake yote ni kama dakika 40. Sasa watoto wanazaliwa na DNA nusu au?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Namba zako zote mbili ziko sahihi, na nimefurahi umeziweka pamoja maana wengi wanazikariri tu kila moja kivyake.

Jenomu ya E. coli, yaani DNA yake yote, ni duara moja lenye jozi za besi (zile "herufi" za DNA) kama milioni 4.6. Kunakili kunaanzia sehemu moja tu, oriC, protini ya DnaA ndo inafungua pale, halafu mashine mbili za protini zinazonakili DNA zinaondoka kila moja na upande wake mpaka zikutane ng'ambo ya duara. Kila mashine ina milioni 2.3 za kumaliza na inaenda kama 1,000 kwa sekunde, piga hesabu utapata dakika 38 hivi. Ongeza kama 20 nyingine mpaka seli ikatike, tayari saa nzima!

Sasa fikiria daladala. Safari ni dakika 40, lakini kituoni gari linatoka kila dakika 20, si kule mwisho wa njia nako litafika gari kila dakika 20? Ndo hivyo hivyo, bakteria hasubiri raundi ya kwanza iishe, oriC zikishakuwa mbili zinafunguliwa tena wakati mashine za mwanzo bado ziko njiani, kwa hiyo mtoto anazaliwa na DNA kamili ambayo tayari imeshaanza kunakiliwa kwa ajili ya wajukuu. Watafiti Cooper na Helmstetter walilieleza hili mwaka 1968. Chakula kikiwa kibovu raundi zinaenda moja moja.

Na usidhani kasi inatokana na udogo wa jenomu, bakteria wa TB ana milioni 4.4, karibu sawa kabisa, ila kugawanyika mara moja tu kunamchukua karibu siku nzima. Ndo maana hapa maabara E. coli nikiotesha jioni asubuhi nazikuta zimejaa kwenye sahani, ila makohozi ya mgonjwa wa TB nasubiri wiki kadhaa na mgonjwa naye anasubiri.