Gome la mwembe si kuni, jamani

Kiangazi kimekolea, Tabora yote ni vumbi, na wageni wa kazi hii ya kupima uchafu wa hewa kwa magome ya miti mmeshaanza: magome mabichi ndani ya rambo, mengine bado yanatoa utomvu. Wadogo zangu, tusikilizane kidogo.

1. Kina. Hapa hata wakongwe tunakiri, tumeharibu sampuli za msimu mzima. Chembe za moshi na vumbi hukaa kwenye ngozi ya nje iliyokufa, milimita 2 hivi za juu. Kisu kikizama hadi milimita 6, hizo 4 za ndani ni mti wenyewe, pamoja na kalisi na manganizi zilizopandishwa na mizizi. Risasi (ile metali, si ya bunduki) iliyokuwa juu tu sasa itasomeka kama theluthi yake kwa kila gramu. Na mkono haukosei sawasawa. Mwembe mzee wa stesheni una gome nene lenye mipasuko, kisu kinazama. Mwembe mchanga wa Kwihara, kijijini nje ya mji, una gome laini, kisu kinateleza juu juu. Majibu yakirudi, Kwihara ni chafu kuliko stesheni! Mnailaumu maabara bure. Hesabu haiwezi kuokoa kitu kwa kuwa kina hakikuandikwa, na ukirudi mtini, pale pameshachongwa. Geuza kipande: upande wa ndani ukiwa mbichi na wenye unyevu, umezama mno. Kwangua, usichonge. Chagua miti ya aina moja yenye mzingo unaokaribiana. Mkaratusi uache, unajibandua gome na vumbi lake.

2. Kisu cha kauri au plastiki ngumu. Chuma cha pua huacha kromi na nikeli.

3. Mita 1.5 kutoka ardhini, upande unaoitazama barabara, kabla ya mvua za kwanza. Mti uliopakwa chokaa upite, maana chokaa hupandisha kalisi na pH (kipimo cha asidi). Uliopigiliwa mabango ya waganga na ya vyumba vya kupangisha nao upite. Misumari ile ina chuma na zinki kuliko malori ya mwaka mzima (natia chumvi, ila kidogo).

4. Udongo wetu mwekundu una chuma tele, kwa hiyo chuma peke yake hakishtaki gari lolote. Beba na udongo wa chini ya mti, linganisha kwa alumini au titani, ambazo hutoka zaidi udongoni. Shaba, bariamu na antimoni zikipanda pamoja, hapo fikiria breki.

5. Bahasha za karatasi. Kausha nyuzi 40 mpaka uzito utulie. Usioshe!

6. Gome halitoi maikrogramu kwa mita ya ujazo, basi msiliweke kando ya kile kikomo cha 5 cha PM2.5 (chembe laini za hewani) kilichotolewa na WHO mwaka 2021. Linapanga tu mtaa upi umezidi upi. Na kabla ya kuuhusisha uchafu huo na vikohozi vya kliniki, muulize mama anapikia nini na wapi. Mkaa ndani ya chumba kimoja hauhitaji barabara. Daftari la kliniki huandika kata, mti wako uko kando ya lami. Pimeni kwanza umbali kutoka mti hadi mlangoni kwa mgonjwa, ndipo mchore ramani zenu nyekundu.